Usifute Mvumo: Niliyojifunza Nikipima Ilimba kwa Kompyuta

Mzee alivaa hedifoni zangu, akasikiliza kama nusu dakika, akazivua na kuziweka mkekani. "Hii si ilimba yangu," akasema.

Nikamwambia ni yake, tumeirekodi jana palepale. Akatikisa kichwa. "Yangu inavuma, mwanangu. Hii imekauka."

Usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha na laptopu. Rekodi zote zilikuwa na mkwaruzo fulani juu ya kila sauti, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mimi ni mtu wa sayansi ya kompyuta, nimefundishwa kwamba kelele ni adui wa data, basi nikaandika filta, programu ya kuchuja sauti, ikaufagia mkwaruzo wote. Grafu zikanyooka, zikapendeza. Nilimpelekea mzee azisikilize kwanza kabla sijazituma kwa msimamizi wangu, na kusema kweli nilikuwa nasubiri sifa.

Kwa asiyeijua, ilimba ni marimba ya Wagogo wa Dodoma: sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha duniani akatufanya tuonekane watu. Kwenye ubao wa sanduku kuna tundu, na juu ya tundu fundi hubandika utando anaoubandua kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Chuma kikipigwa, utando unatetema, na ndio huo mvumo. Fundi anamtafuta buibui kwenye kona za nyumba, anaubandua utando kwa ncha ya kisu, anaubandika, anaujaribu, ukimkataa anautupa na kuanza upya. Jasho lote hilo ni kwa ajili ya kitu nilichokifuta kwa mistari kumi na minne ya programu.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napata ujumbe wa vijana wa chuo: "Kaka, nataka kufanya utafiti wa kompyuta kwenye muziki, nianzie wapi?" Wengine wanataka sanaa ya kuchora, wengine biolojia. Wanatarajia niwatajie lugha ya programu. Python inatosha, tusonge mbele.

Anzia kwa mwenye kitu. Sisemi umhoji kwa dodoso lako la maswali ishirini, hapana. Kaa naye bila kufungua laptopu, ukiweza wiki nzima, usaidie hata kuteka maji. Ukishazoeleka, muulize swali moja ambalo lingeniokoa mimi aibu: ni kitu gani kikiondoka, hiki hakiwi chenyewe tena? Mfinyanzi atakujibu, mpiga zeze atakujibu, hata daktari anayesoma picha za mapafu ana jibu lake. Jibu hilo liandike ukurasa wa kwanza wa daftari, maana programu yoyote utakayoiandika baadaye itajaribu kukifuta kitu hichohicho.

Na programu hufuta bila kukuaga. Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la filta, kwa sababu hakuna aliyelisikia.

Nilikuwa nimepakua programu ya bure inayosikiliza rekodi na kuandika noti zake. Ikaniandikia noti za ilimba safi kabisa, kama za piano. Nikafurahi: nina skeli, yaani ngazi ya sauti za ilimba! Msimamizi wangu akaitazama karatasi, akaniuliza, "Hizi ni za mzee au za programu?" Sikuelewa. Akaniambia nirudi nikapime kwa senti.

Senti hizi si za shilingi. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alichapisha utafiti wa skeli za muziki za mataifa mbalimbali, na ili aweze kuzilinganisha aliigawa oktava moja, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile inayotetema mara mbili yake, katika sehemu 1200, akaita kila sehemu senti. Kutoka kibao kimoja cha piano hadi kinachofuata ni senti 100 kamili. Ninachompendea Ellis ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na sikio la muziki. Hesabu alikuwa nazo, sikio aliliazima kwa Alfred Hipkins, mtaalamu wa piano aliyekaa naye kupima ala moja baada ya nyingine. Ukiwa huna sikio, huna mkono wa kuchora, wala hujawahi kushika darubini, usijione umepungukiwa. Tafuta Hipkins wako, umheshimu, na jina lake liwe kwenye kazi.

Basi nikapima upya. Muziki wa Kigogo kwa sehemu kubwa umesimama juu ya sauti za asili, zile ambazo uzi mmoja wa zeze huzitoa wenyewe ukiguswa kidogo mahali panapofaa, kuanzia ya nne (inayotetema mara nne ya sauti kuu ya uzi) hadi ya tisa. Fanya hesabu kidogo uone. Ukianzia sauti ya nne, ya tano iko juu yake kwa senti 386, ya sita 702, ya saba 969, ya nane 1200. Piano ina 400, 700, 1000 na 1200. Tatu kati ya hizo zinakaribiana vya kutosha, mtu anaweza kujidanganya. Ile ya saba iko senti 31 chini ya kibao cha piano, karibu theluthi ya hatua ya kibao hadi kibao, na ndiyo inayoupa wimbo wa Kigogo ule utamu unaomfanya mgeni ageuze shingo. Vyuma vya mzee vilikuwa palepale, kwenye 965, 970. Programu ilikuwa imeviita vyote 1000 kisha ikanyamaza.

Haikuwa na ubaya wa makusudi. Waliotunga MIDI, mfumo wa ala za umeme kuwasiliana, mwaka 1983 walizipa noti namba kutoka 0 hadi 127, kumi na mbili kwa kila oktava, kwa sababu walikuwa wanaunganisha kinanda na kinanda. Programu nyingi za muziki zimejengwa juu ya namba hizo hadi leo. Kwa hiyo kabla hujaamini chombo chochote, uliza kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kisha kilishe kitu ambacho jibu lake unalijua. Mimi sasa huwa natengeneza kwa kompyuta sauti ya senti 969 hasa, naipitisha kwenye programu. Ikiniambia 1000, naifunga.

Hapa wenye haraka waniruhusu nikae kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Kupima sauti kwa kompyuta kunategemea hesabu ya Fourier: unakata kipande kifupi cha rekodi, tunakiita dirisha, na hesabu inakwambia ndani yake mna mitetemo ya aina gani. Kuifanya moja kwa moja kwa vipimo 1024 kunadai kuzidisha mara zaidi ya milioni moja. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato inayoshusha kazi hiyo hadi kama elfu kumi. Kilichosukuma hamu ya njia hiyo ni bomu: Wamarekani walitaka kutambua majaribio ya nyuklia ya Wasovieti chini ya ardhi kwa kusoma mitikisiko. Baadaye ikagundulika kwamba mwanahisabati Mjerumani Gauss alikuwa ameiandika mbinu hiyohiyo karibu mwaka 1805, akihesabu njia za sayari ndogo, kwenye maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Mawe ya angani, mabomu, kisha marimba ya mzee wangu.

Lakini dirisha lina masharti. Dirisha la sekunde 0.1 haliwezi kutenganisha vizuri sauti zilizopishana chini ya mitetemo 10 kwa sekunde. Chuma kikitetema mara 200 kwa sekunde, mitetemo 10 ni kama senti 84. Mimi nilikuwa natafuta tofauti ya senti 31, ambayo hapo ni mitetemo 3.6 tu, kwa dirisha lisiloweza kuiona! Ilibidi nilirefushe hadi zaidi ya robo sekunde. Kuna mbinu za kukadiria kilele kwa usahihi zaidi, zitumie, ila zitumie ukijua unakadiria. Jingine: programu nyingi zinachukulia kwamba sauti ndogo zinazopanda juu ya sauti kuu ni mara mbili yake, mara tatu, mara nne, kama ilivyo kwenye uzi. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakina adabu hiyo. Sauti yake ya pili iko mbali, inaweza kufika mara tano au sita ya ile ya kwanza, na programu ikichanganyikiwa inakuandikia oktava isiyokuwepo.

Mambo ya kurekodi niyapitishe upesi. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama data. Umetengenezwa kubana maneno ya watu, na simu yenyewe mara nyingi hupunguza kelele bila kukuuliza, yaani inakufanyia kosa langu kabla hujalifanya. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, vipimo 44,100 kwa sekunde. Kwa maikrofoni moja ni kama MB 5 kwa dakika, kadi ya bei ndogo inatosha siku nzima. Andika pia hali ya hewa, maana chuma na mbao havilali mahali pamoja asubuhi na mchana wa Dodoma.

Mwaka uliofuata dada mmoja tuliyesoma naye, sasa yuko kwenye utafiti wa malaria, akanipigia. Alikuwa na rekodi za mbu. Mbawa za mbu hupiga mamia ya mara kwa sekunde, dume kwa sauti ya juu kuliko jike, na kila spishi ina eneo lake, ingawa huingiliana. Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford umekusanya sauti kama hizo, nyingine kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, ili simu ya bei nafuu iweze kusaidia kutambua mbu aliyepita. Rafiki yangu alitaka kujua kama programu yangu ya marimba itamfaa.

Nikajibu kwa majivuno kwamba sauti ni sauti. Nikaiendesha, ikatoa uji. Dirisha langu refu, lile lililokuwa dawa ya ilimba, lilikuwa sumu kwa mbu, kwa sababu mbu hatulii. Anapita mbele ya maikrofoni chini ya nusu sekunde na sauti inapanda na kushuka akigeuka. Ukitaka kujua sauti ni ipi hasa, utapoteza ilitokea lini, na ukitaka lini, utapoteza ipi. Safari hii nilimuuliza lile swali langu mapema: kitu gani kikiondoka, huyu si mbu tena? Akanijibu bila kufikiri, "Kule kupanda na kushuka." Tukafupisha dirisha. Siku tatu kazi ikaisha. Hesabu zilivuka kutoka muziki hadi malaria bila pasi ya kusafiria. Ujuzi wa nini kisifutwe haukuvuka, ilibidi niuombe upya kwa mwenyewe.

Sasa la malipo na majina, ambalo vyuoni halizungumzwi vya kutosha. Rekodi ya mzee ni mali ya mzee. Kabla ya kubonyeza kitufe, mwambie itakwenda wapi, nani ataisikia, na kama itatumika kufundishia mashine inayotunga muziki. Hilo la mwisho lieleze kwa mfano, usimwambie tu "teknolojia". Mimi nilimwambia mzee wangu, "Inaweza kutokea mashine ikapiga kama wewe na isikutaje." Akafikiri, akaniruhusu kupima, akakataa hilo. Nikaliandika, akatia dole gumba, na rekodi zake sijaziweka popote wazi, ingawa jarida moja lilinibana nifanye hivyo. Na nakala umrudishie kwa njia anayoweza kuisikiliza. Kiungo cha intaneti hakimsaidii kitu. Nilimpelekea kadi ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye redio ndogo ya sola, jioni jirani wakajaa uani.

Msimu wa mavuno uliopita nilirudi. "Mbukwenyi," nikawasalimu, nao wakacheka lafudhi yangu kama kawaida. Mjukuu wake alikuwa na ilimba mpya na nikaipima, vyuma vyote safi, senti zote mahali pake. Mzee akaisikiliza akakunja uso. Akainama, akaupuliza utando, akaubandua, akabandika mwingine aliouchomoa ndani ya kiboksi cha kiberiti. Nikapima tena. Senti zilikuwa zilezile. Ila kwenye grafu, juu ya sauti kuu, msitu mzima wa mitetemo uliokuwa umelala ulikuwa umesimama.

Nikafungua jedwali langu la data. Lina tarehe, joto, aina ya mbao, idadi ya vyuma, umbali wa maikrofoni. Hali ya utando haimo. Miaka mitatu ya vipimo, na sikuwahi kuandika kama utando ulikuwa mpya, mkuukuu au umetoboka. Nikaongeza safu hiyo palepale. Anayeijaza ni mzee, kwa mdomo, na mjukuu anaandika.