Ukienda Les Eyzies, anza na tiketi ya pango

Les Eyzies ni kijiji kidogo cha mkoa wa Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kilichobanwa kati ya mto Vézère na genge refu la mwamba wa chokaa. Nyumba nyingine zimeegemea mwamba wenyewe, hata hujui ukuta wa fundi unaishia wapi na wa Mungu unaanzia wapi. Bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979 kwa ajili ya mapango na makazi ya watu wa kale.

Wageni wengi hukodi chumba kwanza, wakanunua tikiti ya treni, halafu wakifika ndipo wanauliza habari za mapango. Wanaambiwa nafasi zimekwisha. Wewe geuza mpangilio: pata kwanza siku na saa ya kuingia Font-de-Gaume, pango lenye michoro ya watu wa kale, kisha zungusha malazi na usafiri kwenye siku hiyo. Kwa Julai na Agosti, shughulikia miezi kadhaa kabla. Mei, Juni na Septemba kuna nafuu, na hali ya hewa ni nzuri zaidi kwa kutembea.

Uhaba wa nafasi una sababu. Font-de-Gaume ni miongoni mwa mapango machache sana yenye michoro ya rangi nyingi ambayo bado mtu wa kawaida anaruhusiwa kuiona yenyewe, si nakala. Pumzi za watu huleta unyevu, joto na hewa ya kaboni, na hivyo huotesha mwani na kutandaza utando wa chokaa juu ya rangi. Hilo ndilo lililolifunga pango la Lascaux mwaka 1963, miaka 23 tu baada ya kugunduliwa. Kwa hiyo makundi ni madogo, na ziara haifiki hata saa moja. Mabegi hayaingii, picha hazipigwi. Ukichelewa, kundi halikusubiri; na kumbuka kwamba kutoka kwenye ofisi ya tiketi hadi mlango wa pango kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Toka kijijini mapema: ni mwendo wa robo saa hivi hadi ofisini, kisha ongeza muda wa kupanda na kutweta.

Ndani kuna takriban nyuzi 13 za Sentigredi, kiangazi na kipupwe. Sweta ni lazima hata kama nje jua linawaka. Njia ni nyembamba, sehemu nyingine unapita kwa ubavu, kwa hiyo mwenye kuogopa sehemu zilizobana afikirie mara mbili.

Usitegemee rangi kali kama za kwenye vitabu. Michoro ina umri wa zaidi ya miaka 10,000 na imefifia. Jicho huhitaji dakika kadhaa kuzoea, halafu mgongo wa nyati unajitokeza palipokuwa na mwamba mtupu. Wachoraji walitumia uvimbe wa jiwe kuwa bega au tumbo la mnyama, hivyo sogeza kichwa pole pole kushoto na kulia wakati mwongozaji anapomulika. Mwombe akuonyeshe wale rendia wawili, kulungu wa nchi za baridi, dume ameinama akilamba paji la uso la jike. Aliyezoea michoro ya Kondoa, inayoonekana mchana kweupe kwenye vibanda vya miamba, atashangaa jinsi kazi hizi zilivyofichwa gizani.

Kilomita chache mbele kwenye barabara ya Sarlat lipo Les Combarelles, lililogunduliwa Septemba 1901, siku chache tu kabla ya Font-de-Gaume. Huko hakuna rangi nyingi. Kuna michongo zaidi ya 600, mistari imepandana juu ya mistari. Mwongozaji huweka taa pembeni ili kivuli kiingie kwenye mchongo, na farasi anaibuka. Kwa maoni yetu hili ndilo pango bora kwa mtu mwenye subira, na ndilo baya kuliko yote kwa mtoto wa miaka mitano.

Watoto wapelekwe Rouffignac, kaskazini mwa kijiji, kwa gari. Pango ni kubwa, lina njia za chini kwa chini za kilomita 8 hivi, na wageni huingizwa kwa treni ndogo ya umeme. Wamechorwa mamothi zaidi ya 150, wale tembo wenye manyoya waliotoweka, pamoja na vifaru wenye manyoya. Sakafuni yapo mashimo waliyochimba dubu wa kale wakijitengenezea pa kulala kipindi cha baridi. Majira ya baridi pango hufungwa.

Kabla ya pango lolote, pitia Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Kale, katikati ya kijiji, chini ya genge. Lipe saa mbili kamili. Ukishaona jinsi gumegume lilivyopasuliwa kuwa kisu na jinsi pembe ya rendia ilivyochongwa kuwa chusa, maelezo ya mapangoni yatakuingia. Nje ya Julai na Agosti jumba hufungwa Jumanne. Siku hiyo nenda gulio la Le Bugue, kituo cha jirani kwenye reli hiyo hiyo.

Bonde hili lina undugu wa mbali na kwetu. Mary Leakey, mwanaakiolojia wa Olduvai na nyayo za Laetoli, alikaa Les Eyzies akiwa binti wa miaka 12, mwaka 1925, akaruhusiwa kuchambua vifusi vya wachimbaji na kuokota zana za mawe. Leo ukiokota kipande cha gumegume njiani, kirudishe chini. Kuchimba au kutafuta mabaki kwa kifaa bila kibali ni kosa kisheria.

Cro-Magnon penyewe, palipopatikana mifupa maarufu ya watu wa kale mwaka 1868 wakati wa kazi za reli, ni pafupi na stesheni. Pembezoni kidogo, katika korongo la Gorge d'Enfer, kuna samaki aina ya salmoni wa urefu wa takriban mita moja, amechongwa kwenye dari ya kibanda cha mwamba. Mzunguke kwa macho: matundu na mitaro iliyomzingira si ya watu wa kale, bali ya waliotaka kumbandua wamuuze nje ya nchi mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ikawazuia. Pahali hapo hufunguliwa kwa miadi tu.

Sasa mto. Mpango wa kawaida ni kuacha gari kituoni kwa wenye mitumbwi, wakupeleke juu ya mto kwa basi dogo, kisha ushuke na maji hadi ulipoacha gari. Kuanzia Tursac ni nusu siku. Kuanzia Saint-Léon-sur-Vézère chukua siku nzima, kwani utapita chini ya La Roque Saint-Christophe, genge la urefu wa kilomita moja na kimo cha mita 80, ambalo watu waliishi ndani yake hadi makazi yao yalipobomolewa mwaka 1588. Kulizuru kwa ndani ni shughuli ya siku nyingine. Ngazi ni nyingi na kigari cha mtoto hakifai.

Kila apandaye mtumbwi lazima ajue kuogelea, avae jaketi la kuokolea na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili hubaki kwenye matope, na mguu mtupu hukatwa na mawe. Simu na funguo viwekwe kwenye pipa lisilopitisha maji, na pipa lifungwe kamba kwenye mtumbwi. Mwishoni mwa kiangazi maji hupungua: lenga sehemu ambako maji yanachora umbo la V linaloelekea chini, ndiko kwenye kina. Mti ulioanguka mtoni uupitie mbali, maana mkondo hukuvuta kwenye matawi. Na mtumbwi ukikwama kwenye changarawe, usisimame kuusukuma kwa kafi. Shuka upande wa juu wa mkondo, uvute.

Kwa matembezi, fuata mistari miwili, mweupe na mwekundu, ya njia ya GR 36. Njia fupi za mzunguko zina alama ya njano. Alama ya msalaba maana yake umepotea, rudi kwenye alama ya mwisho uliyoiona. Huko juu kwenye tambarare ya mialoni maji hayapatikani, beba lita moja na nusu kwa kila mtu. Baada ya mvua udongo wa mfinyanzi huteleza vibaya. Jioni kagua nyuma ya magoti na kwapani, kupe wapo. Kuanzia Septemba hadi Februari ni msimu wa kuwinda: vaa rangi kali, na ukiona bango "chasse en cours" (uwindaji unaendelea), badili njia.

Jikoni za mikahawa hupokea wateja kati ya saa 6 na saa 8 mchana, basi. Anayetoka pangoni saa 8 na nusu anabaki na mkate wa dukani, kama duka halijafungwa. Treni za kwenda Périgueux nazo ni chache kwa siku. Piga picha ratiba ya kurudi siku ileile unayofika.