Umekloni diski na sasa Windows haikuruhusu kuingia? Usikubali kufomatiwa bado

Jumatatu moja asubuhi shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands, alinipigia simu nikiwa bado stejini. "Shem, laptopu imekataa. Naandika nenosiri, inanikaribisha vizuri, halafu kioo kinakuwa cheusi."

Jumamosi nilikuwa nimemtolea diski yake ya zamani, iliyokuwa ikikokota, nikamwekea SSD, diski mpya yenye kasi. Nilikloni, yaani nilinakili kila kitu kama kilivyo, kuanzia Windows hadi alama za wanafunzi wake. Ile ya zamani nikamwachia ikiwa imechomekwa nje kwa kebo ya USB, ahakikishe kwanza kwamba hakuna faili iliyopotea. Jumapili alifanya kazi siku nzima bila shida. Usiku akaichomoa, akaiweka kabatini.

Jioni ile ya Jumatatu, kabla ya kuja kwangu, alipitia duka moja la kompyuta mjini. Akaambiwa nenosiri limeharibika na dawa ni kufomati. Nashukuru sana kwamba alikataa, maana nenosiri halikuwa na hatia yoyote.

Ukipatwa na jambo hili, tazama kwanza mashine inafanya nini baada ya wewe kuandika nenosiri. Likiwa na kosa, Windows itakwambia papo hapo. Ikilikubali, kisha ikakuachia kioo cheusi chenye kishale tu, au ikakurudisha pale pa kuandika nenosiri, au ikakufungulia ukurasa mtupu kama wa mtumiaji mgeni, basi mlango umefunguka ila Windows haioni nyumba yako iko wapi.

Nyumba hiyo ni C, herufi ya diski ambako Windows na faili zako hukaa. Windows haitambui C kwa kuangalia diski iliyo ndani ya laptopu. Inayo orodha, iitwayo MountedDevices, kwenye rejista yake (ghala la mipangilio ya Windows), inayosema herufi C ni ya diski yenye alama fulani ya utambulisho. Ukikloni, orodha hiyo nayo inanakiliwa, ikiwa bado inaitaja diski ya zamani. Mara nyingi programu ya kukloni huipa diski mpya alama yake tofauti. Sasa ukiiwasha mara ya kwanza diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa, Windows inaamka kutoka kwenye mpya, inasoma orodha, inaiona ya zamani pale nje na kuipa C. Mpya inapewa D au herufi nyingine. Kila kitu kinakwenda sawa, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Siku utakayoichomoa ya zamani, C imekwenda nayo.

Kosa lilikuwa langu. Baada ya kukloni, zima kompyuta, chomoa diski ya zamani kabisa, ndipo uwashe kwa ile mpya peke yake. Ningefanya hivyo Jumamosi, mwalimu asingepoteza siku ya kazi.

Kurekebisha kulinichukua kama nusu saa. Niliwasha laptopu kwa flashi yenye Windows ya kusakinisha, na ilipofika ukurasa wa kuchagua lugha nikabonyeza Shift na F10. Kinafunguka kidirisha cheusi cha amri, unaandika regedit, programu ya kuhariri rejista. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda kwenye menyu ya File, chagua Load Hive, kisha utafute faili iitwayo SYSTEM ndani ya Windows\System32\config ya ile SSD. Kuwa makini hapa: ukiwasha kwa flashi, herufi za diski hubadilika, kwa hiyo usidhani C unayoiona ndiyo yako. Fungua folda uhakikishe jina lako limo ndani ya Users. Faili ikishapakiwa utaombwa jina, mimi niliandika "mwalimu". Ndani yake iko MountedDevices. Ihifadhi kwanza kwa Export, kisha futa mistari yote isipokuwa ule wa (Default). Rudi kwenye jina ulilolipa, chagua Unload Hive, chomoa flashi, washa upya. Windows isipokuta orodha, inaipa C sehemu ile ile ilikoamkia.

Iliingia. Lakini alama alizoingiza Jumapili hazikuwepo, na shemeji akanyamaza kabisa. Nilimwambia atoe diski kabatini. Siku nzima ya Jumapili C ilikuwa ile ya zamani, kwa hiyo kazi yote ilikuwa imehifadhiwa huko. Tuliichomeka Windows ikiwa imeshawaka, tukanakili faili, akapumua. Ndiyo maana nakusihi usiifute diski ya zamani wala kuiuza kabla hujaitumia mpya peke yake kwa wiki mbili hivi.

Ukiwa umeihamishia diski kwenye laptopu nyingine, chanzo kitafute kwingine. PIN imefungwa kwenye mashine yenyewe, mara nyingi kwenye TPM, chipu ya usalama iliyo ndani yake, kwa hiyo haitakubali ugenini. Tumia nenosiri kamili la akaunti. Na kwa sisi tunaonunua laptopu za ex-UK, angalia kibodi. Kwenye mpangilio wa Uingereza alama ya @ na ile ya nukuu zimebadilishana nafasi ukilinganisha na wa Marekani, na Windows iliyohama inaendelea na mpangilio wake wa zamani. Bonyeza kijicho kilicho kando ya nenosiri uone unachoandika. Nimeona mtu akihangaika siku mbili kwa sababu ya @ moja.

Ukiombwa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, na hakuna fundi wa kuipita. Tafuta ufunguo kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu. Afadhali zaidi kuizima BitLocker na kusubiri imalize kufungua diski kabla ya kukloni.

Na wewe unayekloni diski moja kwa kompyuta kumi za ofisi zilizo kwenye domeni, yaani zinazosimamiwa na seva moja ya ofisi: zitakuwa na jina moja na siri moja ya kujitambulisha kwa seva, na siri hiyo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 30. Moja ikibadilisha, nyingine zinafungiwa nje. Ziondoe kwenye domeni, zipe majina tofauti, uziunganishe upya moja moja.