Handaki likiporomoka, usikimbilie kuzoa kifusi

Vijana wa hapa Mwanza wanaotafuta kazi za mahandaki ya reli huniuliza kwanza mshahara. Mimi huanza na kifusi, maana katika kazi hiyo nimeona poromoko la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza. Dari limeshuka, msimamizi anawaza ratiba, kijiko, ile mashine ya kuchotea udongo, kinaitwa kije kuzoa. Hapo ndipo watu wanapoumia. Lile rundo ndilo linalozuia udongo wa juu usishuke. Ukiliondoa, uwazi unazidi kupanda, na handaki likiwa karibu na uso wa ardhi, shimo linatokea juu kabisa.

Kinachoangusha mara nyingi ni maji na mwamba mchanganyiko. Tazama mlima wa Mabatini: majabali ya granaiti yamekalia udongo wa granaiti hiyohiyo iliyooza. Ukichimba ardhi ya namna hiyo, leo unalipua kwa baruti, kesho unakuta udongo unaomeguka mkononi. Mimi nilikuwa naangalia maji yanayochuruzika ukutani. Yakiwa maangavu, pampu zifanye kazi yake. Yakigeuka tope, udongo unasombwa nyuma ya zege. Natoka kwanza, maelezo baadaye. Halafu kuna tamaa ya kuchimba hatua ndefu kabla fremu za chuma hazijafungwa. Hiyo sina la kuongeza.

Kutengeneza ni kazi ya subira. Watu watoke, na eneo la juu lizuiwe. Kifusi kinapulizwa zege kitulie, yanatobolewa matundu ya kutolea maji, kisha uwazi wa juu unajazwa saruji kwa bomba. Baadaye mabomba ya chuma yanapigwa kuelekea mbele kuzunguka dari, nayo yanajazwa saruji. Ndipo mnachimba, nusu ya juu kwanza, hatua fupi fupi: fremu, zege, ndiyo msogee.

Kule Rastatt, Ujerumani, tarehe 12 Agosti 2017, reli zinazotumika zilizama juu ya handaki lililokuwa likichimbwa. Wakajaza zege sehemu ya handaki, mashine ya kuchimbia ikazikwa humohumo. Treni zilirudi 2 Oktoba. Ni hasara, lakini kwangu uamuzi ulikuwa sahihi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kusaini uliza ni nani anayeweza kusimamisha uchimbaji usiku bila kupiga simu kwa mtu. Wakianza kutazamana, omba kazi ya kutandika mataruma, yale yanayolaliwa na reli. Huko hakuna dari.