Safu ya pembeni si stoo: maneno kwa wadogo zangu mnaoanza kubuni tovuti

Wadogo zangu, wiki iliyopita nimekagua kazi tatu za wanagenzi, na zote tatu zilikuwa na kalenda kwenye safu ya pembeni, yaani ule ukanda unaokaa kando ya makala. Chini ya kalenda, wingu la lebo, yaani majina ya mada yaliyorundikwa pamoja. Chini ya wingu, kumbukumbu za kila mwezi, yaani viungo vya makala za zamani. Chini kabisa, kisanduku cha kutafutia, kitu ambacho msomaji angekihitaji kuliko vyote. Nilipouliza sababu, nikajibiwa: "Wijeti zilikuwepo, nikaziweka." Wijeti ni vipande hivyo vinavyokuja vikiwa tayari. Jibu hilo nalijua vizuri, maana miaka ya nyuma nilikuwa nikilitoa mimi. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

1. Kila kilichoko pembeni kiwe na mtu kinayemsaidia.

Aliyefungua ukurasa amefuata makala. Kwangu mimi vinavyostahili kukaa kando yake ni vichache: kutafuta, mistari miwili ya kueleza nani anaandika hapa, makala tatu hadi tano zinazohusiana kweli na hiyo anayoisoma, na ombi moja. Nasema moja. Ukimwomba ajisajili, afuate, achangie na ashiriki kwa pamoja, hatafanya hata moja. Orodha ya "zinazosomwa zaidi" siipendi: kilichoko juu kinabofywa kwa sababu kiko juu, kisha kinabaki juu kwa sababu kimebofywa. Chagueni kwa mkono.

2. Makala kwanza, safu baadaye, na hasa ndani ya kodi (yale maandishi yanayoujenga ukurasa).

Hapa mtanivumilia, kwa sababu jambo hili bado linaniuma. Kabla CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa gridi, haijaingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017, safu tulizipanga kwa floti, yaani kusukuma kipande kushoto au kulia ili kingine kikae kando yake. Nilipewa tovuti ya taarifa za afya, na mwenyewe akataka safu ikae kushoto. Njia nyepesi ilikuwa kuiandika safu kwanza, makala ifuate. Nikaifuata hiyo. Tovuti ilikuwa na miaka saba, hivyo kumbukumbu za miezi zikawa viungo 84. Kwenye skrini yangu pana ilipendeza. Nikakabidhi, nikalipwa, nikasahau.

Baada ya miezi mitano mwenye tovuti akaniunganisha kwa simu na msomaji wake mmoja asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini. Hakunigombeza. Aliniomba nisikilize tu. Akafungua makala kuhusu homa ya watoto, na programu ikaanza: kiungo, Desemba, kiungo, Novemba, kiungo, Oktoba. Mwaka wa kwanza ukaisha, ukaingia wa pili. Nilitaka kusema neno, nikakosa. Ilisomwa miezi yote 84, mmoja mmoja, ndipo tukasikia sentensi ya kwanza ya makala. Akaniambia kwa upole, "Nikifungua ukurasa mwingine, inaanza upya."

Alikuwa anajua kuruka kwa kufuata vichwa vya habari. Lakini vichwa vyangu nilikuwa nimevitengeneza kwa kukuza na kukoleza herufi za kawaida, bila tagi ya kichwa (alama ndani ya kodi inayosema hiki ni kichwa), kwa hiyo sikumwachia pa kurukia. Usiku ule nikaifungua tovuti kwenye simu yangu kwa mara ya kwanza. Safu ilikuwa imepanda juu ya makala. Mzazi mwenye mtoto anayechemka mwili alipaswa kusogeza kidole kupita miezi ya miaka saba kabla ya kufika alikokwenda. Na siwezi kusema sikujua: mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alishaandika Mei 2010 kuhusu kurasa zinazojipanga kufuata ukubwa wa skrini, na makala yake nilikuwa nimeisoma.

Kurekebisha kulichukua mchana mmoja. Makala juu, safu chini yake ndani ya tagi ya aside (ya mambo ya kando), vichwa vya kweli, kiungo cha kurukia maudhui mwanzoni mwa ukurasa, na kumbukumbu za miezi nikazihamishia kwenye ukurasa wa peke yake. Nikampigia yule msomaji. Akafungua, kichwa cha makala kikasomwa bila kuchelewa. Akacheka, akasema, "Haya, sasa niache nisome."

Leo Grid inakuruhusu kuiweka safu kushoto hata ikiwa ya pili kwenye kodi. Hamna kisingizio.

3. Upana: kwa safu ya pembeni pikseli 300 zinatosha, makala ibaki na herufi 45 hadi 75 kwa mstari, na safu ya makala ipewe minmax(0, 1fr), yaani iruhusiwe kusinyaa, ili picha moja kubwa isisukume kila kitu nje.

4. Kitu muhimu kisivae sura ya tangazo.

Mwaka 1998 watafiti Benway na Lane walionyesha kwamba watu huyapita mabango ya matangazo bila kuyaona hata pale taarifa wanayoitafuta imo humo humo. Fomu yako ya usajili yenye rangi kali na picha inayochezacheza, upande wa kulia, inapitwa vivyo hivyo. Iweke pia mwisho wa makala, msomaji anapokuwa ameridhika.

5. Kinachoganda wakati wa kusogeza kiwe kimoja, na kiwe kifupi kuliko skrini, la sivyo sehemu yake ya chini haionekani mpaka ukurasa uishe. Tangazo linalochelewa kufika litengewe nafasi yake mapema lisirushe maandishi. Na hiyo kijivu hafifu mnayoipenda: uwiano wa utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya herufi na ya usuli wake ndicho kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida, na safu ya pembeni haijasamehewa.

Wale watatu wa kalenda, nitumieni tena Ijumaa. Kabla ya kutuma, fungueni ukurasa kwenye simu, kisha kwenye kompyuta bonyezeni kitufe cha Tab kuanzia juu na kuhesabu ni mara ngapi mpaka mfike kwenye kiungo cha kwanza ndani ya makala. Niandikieni hiyo namba.