Insulini Siachi, Ila Nimeomba Nisaidiwe Kazi

Mbukwenyi wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii linauliza: "Ni jambo gani linakuchosha na huwezi kuliacha, na unaishi nalo vipi?" Kwangu ni kisukari, aina ya kwanza, ile ambayo kongosho haitengenezi tena insulini, kichocheo kinachoshusha sukari kwenye damu. Ninacho tangu shule ya msingi. Sasa ni binti ninayejitegemea, nimepanga Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mdogo wangu.

Watu wakisikia nimechoka na sukari hudhani nimechoka na sindano. Sindano nimeshaizoea. Kinachochosha ni hesabu isiyokwisha. Kabla ya kula napima, kisha naitazama sahani: huu ugali wa uwele ni kiasi gani, mlenda hauna shida, je, baadaye nitatembea kwenda Sabasaba au nitapanda bajaji? Kila jibu linabadilisha uniti za kuchoma. Na mwili nao una yake: homa, usingizi mbovu, hedhi, mawazo ya kodi, vyote vinaweza kuipandisha sukari. Umefanya kila kitu sawasawa, mashine inakuonyesha 16, juu mno. Kesho tena, Jumapili tena, sikukuu tena. Kijana anayefika mahali akaacha kupima anayajua madhara yote. Macho, figo na miguu ameambiwa tangu mtoto. Ameishiwa nguvu.

Wapo wanaoniambia nishukuru. Ni kweli, kabla ya 1922, binadamu wa kwanza alipochomwa insulini, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuishi muda mrefu. Nashukuru kwa moyo wote, na bado nachoka.

Ndiyo maana huniuma sana tunapopokelewa kwa kufokewa. Kliniki moja niliyowahi kuhudhuria, daftari likiwa na namba kubwa ulikuwa unasemwa mbele ya foleni nzima. Sukari haikushuka kwa maneno yale. Vijana walianza kuandika namba za kubuni, 6, 7, 6, mpaka kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinapotoka watu wakabaki kushangaa. Namba ni ya kukuonyesha ufanye nini saa hii. Ikigeuzwa kosa la kukuaibisha, nani ataiandika?

Kilichonisaidia mimi ni kugawa kazi. Insulini yenyewe siachi hata siku moja, na nawasihi wenzangu wa aina ya kwanza: ukiikatisha, asidi inaweza kujaa mwilini ndani ya siku moja au mbili, ukalazwa, hata ukafa. Anayekwambia mdalasini au maombi pekee yanatosha pengine anakupenda kweli, lakini kwa hilo usimsikilize. Ila kazi zinazoizunguka insulini, mtu mwingine anaweza kukushikia. Nilimwambia mdogo wangu waziwazi: nimechoka, nisaidie. Siku hizi jioni yeye ndiye anayetoa chupa ya insulini kwenye chungu tunachoihifadhia. Ni chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji yanakauka haraka, na ndani kunakaa baridi hata umeme ukikatika mchana kutwa. Insulini yangu ni ya mchanganyiko, ikitulia hujitenga. Anaiviringisha taratibu kati ya viganja, bila kuitikisa, mpaka weupe uwe mmoja juu hadi chini, ndipo ananipa. Anaandika namba bila kuguna. Dakika hizo mimi nachoma tu, najiona mtu kama watu wengine.

Muuguzi wa kliniki ninayokwenda sasa naye nilimweleza. Hakunisema. Tulikubaliana kwamba kwa muda tusikimbizane na namba nzuri: nisikose dozi, nisishuke chini ya 4, mengine tutayarudia nikipata nguvu. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Wazazi wenye vijana wa hali hii, hebu kabla ya kuuliza "sukari ngapi?" ulizeni kwanza "nikushikie nini leo?"

Lililobaki gumu ni vijiti vya kupimia. Bei yake inauma, na mwezi ukiwa mbaya unajikuta unachagua mlo upi wa kupimia na upi wa kukisia. Hilo mdogo wangu hawezi kunishikia. Wenzangu wa Dodoma, Singida na Manyoni mnaoishi na sukari, ninyi mnafanyaje?

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma