Mto Tana ukifurika: maswali yenu kuhusu hatari na bima

Wasomaji wa Kaunti ya Tana River wameuliza mengi kuhusu mafuriko na bima. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Hapa Madogo hakujanyesha wiki mbili, na bado tunaambiwa tuhame. Ni KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wamefungua bwawa? — Mama mwenye duka, Madogo

Maji yanayokufikia hayakunyesha Madogo. Tana hukusanya maji yake Mlima Kenya na safu za Aberdare, kisha hupita mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalomeza mafuriko ya mwanzo ya msimu. Likishajaa, maji yote ya ziada humwagika yenyewe juu ya ukingo wake na kuteremka, bila mtu kufungua chochote. Isitoshe, mito kama Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya Kiambere. Maji yake hayapiti bwawa lolote kati ya hayo, kwa hiyo mto unaweza kuvimba hata Masinga likiwa na nafasi.

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, fuatilia taarifa mbili: utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa nyanda za juu, na tangazo la KenGen kwamba Masinga linakaribia kujaa. Tangazo hilo likitoka, anza kuhamisha mali siku hiyohiyo. Anga safi ya Madogo haikwambii lolote kuhusu mto.

Mhandisi alisema kiwanja chetu kiko kwenye "mafuriko ya miaka 100". Maji yalituingia 2024. Basi tumepumzika? — Mwalimu, Garsen

La. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufika kiwango hicho, na mwaka uliopita haupunguzi chochote kwa mwaka ujao. Kwa nyumba utakayoishi miaka 30, uwezekano wa kufikiwa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Huo ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, na hakuna mjenzi anayepaswa kuupuuza.

Kilicho na faida zaidi kwako ni kujua maji yatafika wapi ukutani mwako. Tafuta alama ya matope ya 2024 kwenye jengo la karibu, shule au msikiti. Chukua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaopimia usawa, wa mita 20 hivi, uujaze maji. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye alama, mwingine ashike ya pili kwenye nguzo ya katikati, mpaka maji yatulie sawa na alama. Piga alama kwenye nguzo, kisha songa hivyo hadi nyumbani. Ncha zote mbili ziwe wazi, na usiache povu la hewa ndani, maana povu moja linaweza kupotosha kipimo kwa sentimita kadhaa. Usivushe alama umbali mrefu kando ya mto, kwa sababu uso wa maji huteremka pamoja na mto. Kama unajenga upya, inua sakafu angalau nusu mita juu ya alama hiyo.

Nina bima ya moto ya duka. Mafuriko yamo? — Mfanyabiashara, Hola

Usidhani yamo. Katika bima ya moto, mafuriko mara nyingi huwa nyongeza inayolipiwa kando, kwa hiyo soma ukurasa unaoorodhesha hatari zilizokubaliwa na utafute neno lenyewe. Halafu soma masharti. Sharti linalowaumiza wenye maduka ni lile la kuinua bidhaa kutoka sakafuni, mara nyingi sentimita 15. Magunia ya unga yakiwa chini, dai linaweza kukataliwa hata kama maji yalifika kiunoni. Chaga za mbao zinatosha kutimiza sharti hilo.

La pili ni thamani. Tuseme bidhaa zako ni za shilingi 800,000 nawe umekata bima ya 400,000 ili ulipe kidogo. Maji yakiharibu za 200,000, kampuni italipa 100,000, kwa kuwa ulikatia nusu tu ya mali. Hapo bado haijaondoa ile sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe. Uliza sehemu hiyo ni kiasi gani kabla ya kulipa.

Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya wakala kwa simu si bima. Lipa mapema, mto ukiwa chini. Onyo likishatoka, kampuni inaweza kukataa kukupokea. Hakikisha pia wakala ana leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Nyumba za udongo na makuti hupata kampuni kwa shida. Kwa hizo, akiba ya chama na kuhamisha mali mapema vinafaa zaidi.

Ng'ombe wangu wako kwenye bima ya setilaiti. Wakisombwa nitalipwa? — Mfugaji, Bura

Hapana. Bima hiyo hupima ukijani wa malisho na hulipa malisho yanapokauka. Mvua nyingi huongeza ukijani. Mifugo waliosombwa wanahitaji bima ya kila mnyama, yenye alama ya sikio na cheti cha daktari wa mifugo.

Maji yameshaingia. Nianzie wapi?

Zima umeme kwenye swichi kuu, ila tu kama unaifikia bila kukanyaga maji. Arifu kampuni kwa maandishi siku hiyohiyo. Piga picha za alama ya maji ukutani ukiwa umeweka futi kamba kando yake, kisha za kila bidhaa kabla ya kuigusa. Tenga kilichoharibika, usikitupe mpaka mkadiria hasara akione. Kama kinaoza na afya iko hatarini, muombe afisa wa afya akiandikie hati kabla ya kukizika. Risiti na daftari la hesabu viwe na nakala kwenye simu ya ndugu anayeishi mbali na mto. Dai likizungushwa kupita siku 90, lipeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima pamoja na nakala ya barua yako ya kwanza.