Maporomoko bila bwawa: anza na shimo

SWALI: Nimestaafu ualimu na ninaishi Nyamasaria, Kisumu. Mbele ya nyumba nina uwanja tambarare, na ningependa maporomoko madogo ya maji yasiyoacha bwawa chini, kwa sababu wajukuu wangali wadogo na mbu hawatupi usingizi. Fundi amependekeza tangi la saruji ardhini. Je, ni sawa? Shimo liwe la ukubwa gani, na ninunue pampu gani?

JIBU: Mwalimu, wazo lako ni zuri, ila tangi la saruji ningelikataa. Udongo mweusi wa huko kwenu hufura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hata mkono unaingia kwenye nyufa. Saruji haichezi pamoja na udongo kama huo. Itapata ufa, na maji yatakuwa yakipotea chini bila wewe kujua. Tandika laina shimoni na mkondoni, ile karatasi nyeusi ya mabwawa ya wakulima, lakini usichukue ya milimita 0.5. Tafuta ya milimita 1, na kama unaweza kupata ya mpira ni bora zaidi, kwa maana hukunjika vizuri kwenye kona. Chini yake weka mchanga na magunia au kapeti kuukuu ili kijiwe chenye ncha kisiitoboe. Kingo zake ziinuke sentimita 15 juu ya uwanja, maana masika ya Nyamasaria unayajua: maji ya matope yakiingia humo, kazi imekwisha.

Sasa shimo, ambalo hujazwa mawe ili maji yazame kati yake badala ya kufanya bwawa. Ndilo moyo wa kitu chenyewe na ndilo watu hulichimba dogo. Pampu ikiwashwa, maji hutoka shimoni na kujaza bomba, beseni la juu ambamo maporomoko huanzia, na mkondo mzima kabla tone la kwanza halijarudi. Shimo likiwa dogo, pampu hubaki ikinyonya hewa mpaka iungue. Stima ikipotea, sehemu kubwa ya maji hayo hushuka kwa mara moja na lazima yapate pa kukaa.

Chukua shimo la mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 80. Likiwa tupu hubeba lita 2,400. Ukilijaza mawe ya mviringo ya ukubwa wa ngumi, nafasi inayobaki kati yao ni kama asilimia 40, yaani lita 900 na ushei. Mkondo wa mita 3, upana sentimita 60, maji yakiwa na kina cha sentimita 5, ni lita 90. Ongeza beseni la juu na bomba, tuseme lita 200 kwa jumla. Mimi hutaka shimo libebe angalau mara tatu ya kiasi hicho, kwa hiyo hapo umetosheka, na kwa jua la Kisumu hutalazimika kuongeza maji kila asubuhi.

Pampu huwekwa ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa matundu, likasimamishwa kwenye kona ya shimo kabla ya kumwaga mawe, ili uweze kuitoa na kuisafisha. Mdomo wa maporomoko ukiwa na upana wa sentimita 40, unahitaji kama lita 7,500 kwa saa. Angalia vizuri hapa: namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Yako itapandisha mita 2, na bomba nalo hupunguza nguvu. Mwombe muuzaji akuonyeshe jedwali, uone inatoa kiasi gani kwenye mita 3, yaani mita 2 zako pamoja na nguvu inayopotea bombani. Tumia bomba la inchi 2. Kwa mfano, pampu ya wati 125 hula uniti moja kwa saa nane, basi tokeni hazitakutisha. Fundi wa stima aweke swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hapo usikubali njia ya mkato.

Kwa kuwa uwanja ni tambarare, utajenga kilima. Usitumie udongo mweusi uliouchimba, kwani nao utafura. Leta maramu, ushindilie kwa matabaka.

Kuhusu mbu, maji yakae sentimita 8 chini ya uso wa mawe, jua lisiyafikie. Funika pipa la pampu kwa wavu. Beseni la juu ndilo husahaulika: pampu ikizimwa hubaki na maji yaliyotulia, na kwa joto la huku siku kumi zinatosha yai kuwa mbu. Toboa tundu dogo chini yake ili lijikaushe ukisafiri.

Mwisho, usigandishe jiwe lolote kwa saruji kabla ya kujaribu. Nakuru niliwahi kuitwa kwenye maporomoko yaliyopoteza ndoo tano kwa siku. Tulizima pampu jioni, nikachora mstari wa chaki ndani ya pipa. Asubuhi maji yalikuwa palepale mstarini, kumbe shimo lilikuwa zima. Tukainua mawe ya mkondoni moja moja, hadi tukafika mahali ukingo wa laina ulipolazwa na jiwe zito, udongo wa pembeni ukiwa tope. Tuliuinua ukingo kwa vidole, tukaushindilia udongo nyuma yake, na jioni hiyo wenye nyumba hawakuongeza maji. Nawe endesha pampu siku nzima laina ikiwa bado wazi, kisha izime usiku na uchore mstari wako.